Badili "siwezi" iwe "sitaki"

Jaribu hili wiki moja tu. Kila ukijikuta unasema "siwezi", rudia sentensi ileile kwa "sitaki", kwa sauti ikibidi. "Siwezi kumpigia mama leo" inakuwa "sitaki kumpigia mama leo". Inachoma, eti? Ni mbinu ya tiba ya kiudhanaishi, yaani tiba ya nafsi inayomtaka mtu akubali kuwajibika kwa anayoyachagua maishani. Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani, aliieleza mwaka 1980.

Kiswahili chetu nacho kinatupa pa kujificha: glasi imevunjika, muda umepotea, hela zimeisha. Nani kavunja? Hakuna! Mimi nilianza na "hela zimeisha". Nilipolazimika kusema "nimezimaliza", palepale nikakumbuka zilikoenda: bodaboda kila asubuhi, kwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Si kila "siwezi" ni kisingizio. Mshahara ukichelewa au mwili ukiugua, hukuchagua wewe. Liache neno lilivyo, ujiulize tu utafanya nini wakati unasubiri. Na tafadhali, zoezi hili ni la sentensi zako mwenyewe. Ukianza kumsahihishia mumeo au mkeo mezani, mtalala mmenuniana.