Kabati jeusi la bafuni: kwanza niambie maji yako yanatoka wapi

Mteja akifika hapa karakanani Keko akanionyesha kwenye simu picha ya kabati la sinki jeusi tii, kabla ya bei na vipimo namuuliza: bosi, kwako mnatumia maji ya bomba ya DAWASA au ya kisima? Wengi hucheka. Lakini visima vingi vya Dar vina chumvi, na tone la maji ya chumvi likikaukia kwenye rangi nyeusi linaacha duara jeupe. Ongeza povu la dawa ya meno, poda ya mtoto na vumbi la barabara ya mtaani, ndipo utaelewa kwamba adui wa kabati la giza ni weupe.

Kwa hiyo usiamue rangi ukiwa dukani. Mwombe fundi kipande cha bodi, ukubwa wa daftari, kilichopigwa rangi ile ile atakayokupakia. Jioni kiweke bafuni kwako, kinyunyizie maji ya bomba lako, kiache kikauke chenyewe. Asubuhi kiinamishe, kimulike na tochi ya simu. Nyeusi ya kung'aa itakuonyesha kila tone na kila kidole. Nyeusi isiyong'aa kabisa haitoi mng'ao wa kukusaliti, ila inashika mafuta ya mikono, na ukiisugua sana sehemu moja, hapo panaanza kung'aa peke yake. Wenye maji ya kisima nawashauri wachukue ya katikati, yenye mng'ao kidogo. Na kama hujajifunga kwenye nyeusi, kahawia iliyokoza yenye mistari ya mbao inayoonekana inasamehe zaidi, maana jicho linafuata mistari, madoa linayapita. Kijivu cha mkaa nacho kinavumilia. Bluu iliyokoza ni nzuri, lakini usiku chini ya taa hafifu utaapa ni nyeusi.

Taa nayo inadanganya. Duka la samani lina mwanga wa mlango mzima; bafu la kwako lina kidirisha cha juu na balbu moja. Balbu za mwanga wa mchana, zile zilizoandikwa 6500K, huifanya kahawia ionekane imepauka. Za 3000K, zenye mwanga wa njano, huirudishia joto lake. Bafu likiwa dogo na marumaru za ukutani tayari ni za giza, kabati la giza nakushauri uliache. Marumaru zikiwa nyeupe au rangi ya krimu, endelea bila wasiwasi, weka kioo chenye upana sawa na kabati, na taa zikae pembeni mwa kioo badala ya darini, usijinyoe gizani.

Sasa mbao, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Giza lipo la kupakwa na lipo la mbao yenyewe. Mninga uliokauka vizuri, ukapakwa rangi ya mbao na kumaliziwa na vanishi, hata ukikwaruzwa na ndoo mkwaruzo unatoka kahawia, hauonekani sana. MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, iliyopakwa nyeusi ikikwaruzwa inatoa rangi ya kaki, na hapo hapo maji yamepata mlango. Yakishaingia, bodi inavimba kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, na hairudi. Ipo MDF ya kijani ya kuhimili unyevu. Ni afadhali, lakini unyevu si kulowana. Bajeti isipofika mninga, chukua plaiwudi ya marini, ile ya gundi inayohimili maji, kwa boksi lenyewe, mbao ngumu iwe milango na droo tu. Mtiki pia unafaa, una mafuta yake ya asili yanayosaidia dhidi ya maji; mwambie fundi aufute kwa thina kabla ya kupaka vanishi, la sivyo itabanduka. Kuna wanaoniomba mpingo kwa sababu ni mweusi wa kuzaliwa. Mpingo una magogo membamba yaliyopinda, mbao pana hupati; waachie wachonga vinyago wa Mwenge.

Kabati likiwa tayari, usiliangalie usoni. Uso kila fundi anaupamba. Chomoa droo, pitisha kiganja chini yake, kisha kwenye ukingo wa chini wa milango na mgongo wa kabati. Ukisikia vinyuzinyuzi na ukavu wa karatasi, hapo hapajapakwa kitu, na masika ya kwanza yatapapata. Kingo zote ziwe laini kama uso. Angalia pia tundu la bomba la maji machafu: likatwe safi na mzunguko wake uzibwe kwa silikoni, maana uvujaji huanzia hapo.

Bawaba na reli za droo nenda na sumaku. Ikinata kwa nguvu, hicho si chuma cha pua cha kuaminika bafuni, hasa kama unakaa Kigamboni au Mbezi Beach na upepo wa bahari. Vishikio vya rangi ya dhahabu vinapendeza sana kwenye nyeusi, ila vya bei ya chini hubanduka rangi. Bora vyeusi au vya chuma cha pua kisichopakwa rangi.

Juu usiweke graniti nyeusi tupu. Chukua yenye madoadoa, au ya rangi nyepesi. Kimo hadi juu ya sinki, sentimita 85 zinawatosha watu wazima wengi. Ukiweza, kabati lining'inie ukutani, chini pabaki wazi angalau sentimita 20 ufagio upite. Mbu wa Dar wanapenda kulala kwenye kivuli chenye unyevu, na kabati jeusi lililokaa sakafuni unakuwa umewajengea nyumba ya wageni.

Usafi ni kitambaa kikavu kando ya sinki, kila anayenawa afute. Alama za chumvi zilizokwisha kukaa, siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza na kausha. Siki isiguse marumaru za jiwe la asili.

Malipo usimalize karakanani. Bakiza sehemu mpaka kabati lifungwe, maji yafunguliwe, na droo zifunguke bila kugonga bomba. Hata kwangu fanya hivyo hivyo.