Jinsi ya kutangaza mgongano wa maslahi ukiwa mtumishi wa mamlaka ya nyumba Marekani

Mwongozo huu ni kwa wenzetu walioajiriwa na mamlaka za nyumba za umma nchini Marekani. Nimeuandika baada ya kumsaidia mkaguzi mmoja wa nyumba aliyenunua nyumba ya familia mbili na kutaka kumpangisha upande mmoja mwenye vocha ya Section 8, yaani msaada wa serikali unaolipia sehemu ya kodi ya pango.

Hatua ya 1: Hakikisha kama unahusika. Kanuni ya 24 CFR 982.161 (CFR ni mkusanyo wa kanuni za serikali kuu ya Marekani) inawagusa wajumbe wa bodi, maofisa, pamoja na watumishi na wakandarasi wanaotunga sera au wenye ushawishi katika maamuzi ya mpango wa vocha. Hawaruhusiwi kuwa na maslahi katika mikataba ya mpango huo, hata yasiyo ya moja kwa moja, wakiwa kazini na kwa mwaka mmoja baada ya kuondoka. Mkaguzi, kwa kuwa ndiye anayeamua nyumba ipite au isipite, anahusika.

Hatua ya 2: Orodhesha mali, biashara na jamaa zako. Mimi huwaandika hata mashemeji na binamu, kwa sababu ni nafuu kutangaza lisilohitajika kuliko kuulizwa baadaye kwa nini ulinyamaza.

Hatua ya 3: Tangaza kwa mamlaka yako na kwa HUD, yaani Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji. Andika barua yenye tarehe na sahihi, kisha ubaki na nakala. Kumweleza msimamizi kwa mdomo ukumbini si kutangaza.

Hatua ya 4: Omba katazo liondolewe, ukiwa na sababu ya msingi. Hapa ndipo watu hukwama. Mwenye uwezo wa kuliondoa ni ofisi ya HUD ya eneo lenu, si mkurugenzi wenu, hata kama amekwisha kukubali kwa moyo mweupe. Ombi lieleze ukweli wote wa jambo, majukumu yako ya kazi, namna ombi linavyopatana na sheria za jimbo na za mji, na nyumba nyingine ambazo familia ingeweza kupanga endapo ombi litakataliwa. Kipengele hiki cha mwisho husahaulika mno, na barua isiyo nacho huelekea kurudishwa na maswali. Eleza pia nani atakayekagua nyumba na kushika jalada badala yako. Ningependelea ufungiwe kabisa jalada hilo katika mfumo wa kompyuta, kwa kuwa ahadi ya kutolifungua haithibitishiki. Muhimu kuliko yote, mamlaka isitie sahihi mkataba wa kukulipa kodi ya pango kabla HUD haijajibu, na kwa hiyo usimruhusu mpangaji ahamie kwa kutegemea kwamba jibu litakuwa zuri.

Hatua ya 5: Zawadi za wakandarasi zirudishwe. Kanuni za ununuzi, 2 CFR 200.318, huiachia mamlaka nafasi ya kuruhusu kitu kidogo ambacho hukukiomba, lakini soma kwanza sera ya ofisi yenu.