Kufunga breki za WRX kwenye Forester au Impreza ya zamani

Ukiwa na Subaru Impreza au Forester ya zamani na mikono inakuwasha kuibadilisha, anza na breki za mbele. Wengi wanaanza na ekzosi, wanakuja turbo, breki zinawekwa kiporo. Mimi nimeshakataa mara kadhaa kufunga turbo kwenye gari yenye diski ndogo, na nitaendelea kukataa. Gari inayokimbia 120 ina nguvu mara nne ya ile inayokimbia 60, si mara mbili, na ukikanyaga breki nguvu yote hiyo lazima igeuke joto kwenye diski na pedi. Diski ndogo haina pa kuliweka joto hilo. Hapa mjini kwenye foleni ya Morogoro Road huwezi kujua. Utajua siku unashuka mlima Kitonga na familia ndani, lori liko mbele, na pedali inaanza kulainika chini ya mguu.

Kwa hiyo hapa naeleza kazi moja tu: kuondoa kalipa zilizokuja na gari, yaani vile vyuma vyenye pistoni zinazobana pedi kwenye diski, na kufunga za pistoni nne kutoka kwenye WRX, Impreza yenye turbo, pamoja na diski zake za milimita 294. Ukiwa na vifaa na haraka huna, ni kazi ya siku moja.

Kwa nini zinaingia

Raha ya Subaru za kipindi kile ni kwamba spea zake zinaingiliana. Impreza za kuanzia 1992 hadi 2007, Forester SF ya 1997 hadi 2002 na SG iliyofuata, karibu zote zina stadi tano za kufungia tairi kwenye duara la milimita 100, na masikio yanayoshika kalipa yamekaa sawa. Kalipa ya pistoni nne inafungwa kwa bolti mbili palepale ilipokaa ya zamani. Hakuna kuchomelea wala kutoboa. Fundi akikuambia lazima achomelee, chukua funguo zako uondoke.

Tahadhari moja: STI, ile WRX kali zaidi, za kuanzia 2005 zilihamia duara la 114.3. Diski zake hazikuhusu, hata muuzaji akuapie.

Hatua ya 1: rimu kwanza, pesa baadaye

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Diski ya 294 inahitaji rimu ya inchi 16 kwenda juu. Ukiwa na rimu za 15, hesabu na gharama ya rimu. Hata hizo 16 si zote zinapita, kwa sababu kalipa hii ni nene upande wa nje na inaweza kugusa mikono ya rimu.

Namna ya kujua ni rahisi. Fungua rimu moja, ibebe hadi dukani, ilaze kifudifudi, weka diski ndani na kalipa juu yake kama zitakavyokaa kwenye gari. Kisha bandika donge dogo la udongo laini kwenye uso wa kalipa, pale panapokaribiana na rimu, ubane, uzungushe. Udongo uliobaki ukiwa chini ya milimita tatu, tafuta rimu nyingine. Nimeona watu wakiweka spesa, kile kipande cha kusogeza rimu nje, ili mambo yaishe. Spesa ya bei rahisi kwenye gurudumu la mbele siitaki kwenye gari ninayoifunga mimi.

Hatua ya 2: kununua kalipa

Zunguka Shaurimoyo pale Ilala, kisha Gerezani Kariakoo. Uliza za pistoni nne za WRX yenye chesesi ya GC8 au GDA. Kama gari imekatwa na kichwa kipo, soma kibati cha chesesi kwenye boneti, usitegemee maneno. Zile nyekundu za STI ya zamani ni hizohizo. Rangi haikuongezei breki, inakuongezea bei.

Ukiishika mkononi, angalia mambo haya kwa utulivu. Mipira ya vumbi kuzunguka pistoni isiwe imepasuka. Vua ukingo wa mpira mmoja kwa kidole utazame pistoni: ing'ae kama kijiko. Ukiona vidoa vya kutu, hata vidogo kama punje ya mtama, rudisha, kwa sababu pale ndipo mafuta yatakapovujia. Kisha weka kipande cha ubao na usukume kila pistoni. Zote nne zirudi ndani, hata kama kwa ugumu. Iliyoganda kabisa usiichukue kwa bei ya nzima.

Nipo ya kutolea upepo, ile skrubu ndogo yenye tundu, ijaribu hapohapo kwa spana. Ikikatikia gerejini, umenunua chuma chakavu. Na hakikisha unapewa ya kulia na ya kushoto. Wauzaji wengine wana mbili za upande mmoja na watakuambia zinafanana. Hazifanani, na sababu nitaieleza mbele.

Diski nunua mpya ukiweza. Ikiwa mpya ina unene wa milimita 24, na mwisho wake ni 22. Ukinunua ya mtumba, pima kwa kalipa ya kupimia, usipime kwa jicho. Pedi ziwe mpya bila mjadala.

Hatua ya 3: kusafisha

Badilisha mipira ya ndani ya kalipa, siili na ile ya vumbi. Kalipa iliyokaa miaka bandarini na kwenye makontena haistahili kuaminiwa na mipira yake ya zamani.

Sasa jambo ninalolirudia kwa kila kijana anayejifunza kwangu: usioshe mipira ya breki kwa petroli, dizeli wala mafuta ya taa, na usiipake grisi ya kawaida wala oili. Mpira wa breki ukikutana na mafuta ya jamii hiyo unavimba. Siku ya kwanza unafanya kazi vizuri, wiki ya pili pistoni inakwama na gurudumu linanuka. Tumia maji ya sabuni, kausha kwa upepo wa kompresa, kisha pakaza mafuta mapya ya breki kabla ya kurudisha pistoni.

Hatua ya 4: kuinua gari

Gereji zetu nyingi ziko juu ya mchanga. Jeki kwenye mchanga inazama taratibu, huioni mpaka gari imeshalala upande. Weka ubao mpana au bati zito chini ya jeki, na jingine chini ya kila stendi. Legeza nati za tairi kabla ya kuinua, weka vizuizi magurudumu ya nyuma. Tofali la saruji lisikae chini ya gari kamwe. Linapasuka ghafla, halitoi taarifa.

Hatua ya 5: kutoa za zamani

Fungua bolti mbili za kalipa kwa soketi ya 17, zile zilizo nyuma. Kalipa ikitoka, ifunge kwa waya kwenye springi. Usiiache ininginie kwa hozi yake, ule mpira unaoleta mafuta ya breki, unaua hozi.

Diski ya zamani mara nyingi imegandana na habu, kitovu cha gurudumu, kwa kutu, hasa gari za Kigamboni na Msasani zinazolala karibu na bahari. Watu huchukua nyundo. Usipige. Tazama uso wa diski kati ya stadi: kuna matundu mawili madogo yenye nyuzi. Chukua bolti mbili za M8, uzi wa 1.25, zikaze humo kwa zamu, robo zunguko huku, robo zunguko kule. Bolti zinasukuma habu, na diski inajitoa yenyewe kwa mlio mmoja. Beringi yako inabaki salama.

Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kutu nyembamba kama karatasi ikibaki hapo, diski inakaa upande, na usukani utatetemeka kila ukikanyaga breki.

Hatua ya 6: kufunga mpya

Ingiza diski ya 294 uizungushe kwa mkono. Kwenye gari ambazo hazikuwa na turbo, bati la vumbi lililo nyuma ya diski litagusa. Likunje polepole kwa koleo kuelekea ndani, au ukate ukingo wake. Zungusha tena usikilize. Kusiwe na mkwaruzo.

Weka kalipa. Nipo iwe juu. Naisema tena: nipo ya kutolea upepo iwe juu.

Mwaka wangu wa kwanza kujitegemea nilifunga breki kama hizi kwenye Impreza ya mteja, jioni, taa hafifu, nikachanganya kulia na kushoto. Bolti ziliingia vizuri kabisa, kila kitu kilikaa. Tukatoa upepo mpaka chupa mbili za mafuta zikaisha, pedali bado ilikuwa laini kama godoro. Nilianza kulaumu master silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Saa tatu usiku mwenye gari, mzee mstaarabu, akachuchumaa pembeni akaniuliza, "Fundi, mbona haya maandishi ya Subaru yamepinduka?" Nikaelewa palepale. Upepo hupanda juu. Kama nipo iko chini, mafuta yanatoka na upepo unabaki umejificha juu ya kalipa. Alikuwa aende Chalinze na gari ile asubuhi. Tangu siku hiyo kalipa haipandi kwenye gari yangu mpaka niandike R na L kwa chaki.

Bolti za kalipa kaza kwa toki renchi, spana inayopima mkazo, 80 Nm. Bolti ya hozi ni 18 Nm tu, na washa zake mbili za shaba ziwe mpya, moja kila upande wa kichwa cha hozi. Wengi wanaikaza hii kama nati ya tairi na kuivunja. Hozi yenyewe ikiwa na nyufa ukiikunja, badilisha sasa.

Ingiza pedi, pini zake na kile kibati cha springi kinachozibana. Kagua kwamba kila pini imepata kizuizi chake.

Hatua ya 7: kutoa upepo

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima. Daraja la DOT 3 likiwa jipya linachemka si chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ndiyo maana nafunga DOT 4, chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo. Iliyokaa wazi kwenye rafu imwage. DOT 5 isiguse mfumo huu.

Msaidizi akae kwenye usukani. Mpira mwembamba kwenye nipo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Anakanyaga polepole na kushikilia, unafungua nipo, mafuta yanatoka, unafunga, ndipo anaachia. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi. Kalipa ikiwa na nipo mbili, toa upepo zote. Mfuatano wangu ni mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, kwa sababu mabomba ya gari hizi yamegawanywa kimshazari. Kibuyu cha mafuta kisikauke hata mara moja, hasa kama gari ina ABS. Upepo ukiingia kwenye kile kiboksi cha ABS utahangaika siku nzima.

Nipo kaza 8 Nm. Mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji haraka, yanaibabua.

Gari iliyokuwa na kalipa za pistoni moja, pedali inaweza kushuka zaidi ya zamani hata upepo ukiwa umeisha. Hiyo inatokana na master silinda ndogo. Tafuta kubwa zaidi, kutoka gari ileile uliyotoa kalipa ikiwezekana.

Hatua ya 8: kuzizoesha

Kabla gari haijasogea, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni zilikuwa zimerudi ndani, na kanyago la kwanza halishiki kitu.

Nenda Jumapili alfajiri mahali penye barabara tupu. Kimbia 60, punguza kwa nguvu mpaka 10 bila kusimama kabisa, ongeza tena. Rudia mara nane hadi kumi. Utasikia harufu, ni kawaida. Kisha endesha taratibu dakika kumi bila kugusa breki zipoe, na ukiegesha usivute handibreki wala kuacha mguu kwenye pedali.

Rudi nyumbani, fungia karatasi ya tishu kwenye kila bolti ya hozi na kila nipo, mwambie mtu akanyage kwa nguvu dakika moja. Tishu ikitoka kavu, vizuri. Ikiwa na doa, gari haitoki. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za tairi, kati ya 90 na 100 Nm.

Tazama pia tairi zako, maana ndizo zinazoshika lami. Ubavuni baada ya neno DOT kuna tarakimu nne za mwisho. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya umri huo ni ngumu kama ubao hata kama kashata zake ni mpya, na breki za pistoni nne zitaiburuza tu.

Nyuma ziache kama zilivyo kwa sasa, ila pedi ziwe nzima. Kalipa za pistoni mbili za nyuma zinagusa ngoma ya handibreki na bati lake, na hiyo ni kazi ya siku nyingine.