Kibao cha taa cha MAX7219: tazama mshale kwanza

Ukitaka kibao cha maandishi yanayotembea, cha bei za duka Darajani au njia ya daladala, moduli ya MAX7219 (chipu inayoendesha taa) yenye matriksi 4, yaani miraba 4 ya taa 8 kwa 8, inatosha. Kwenye Arduino Uno (bodi ndogo inayobeba programu): DIN (data inapoingia) pini 11, CS (kuchagua chipu) pini 10, CLK (mapigo ya saa) pini 13, VCC (umeme) volti 5, GND (waya hasi) kwa GND. Fuata mshale wa kwenye moduli, unaotoka DIN kwenda DOUT (data inapotokea). Ukiunga upande wa DOUT hupati herufi hata ukiandika upya programu mara kumi.

Herufi zimelala ubavu? Tatizo si waya. Kwenye programu inayotumia MD_Parola (maktaba ya Arduino ya maandishi yanayotembea), badilisha aina ya moduli, GENERIC_HW iwe FC16_HW.

Kinachosumbua hasa ni umeme. Taa zote zikiwaka kwa mwanga wa juu zinaweza kupita ampea 1; USB ya kompyuta haifiki hapo, Uno inazima na kuwaka yenyewe. Leta umeme wa nje wa volti 5, ampea 2, moja kwa moja kwenye VCC ya kibao, GND zote ziwe pamoja. Ndani ya duka mwanga 2 kati ya 15 unatosha, tena haumizi macho.

Karibu na pwani waya zilehemu kabisa. Chumvi hula pini za kuchomeka.