Jinsi ya kuhesabu bata mwitu ziwani, hatua kwa hatua

Kila Januari, tangu 1991, watu wa kujitolea katika nchi nyingi za Afrika huzunguka maziwa, mabwawa na mashamba ya mpunga kuhesabu ndege wa majini. Hii ni sehemu ya hesabu ya kimataifa iliyoanza 1967 na inayoratibiwa na Wetlands International, shirika la kimataifa la kuhifadhi ardhioevu. Hapa Kenya wanaoshughulika nayo ni Makumbusho ya Taifa, KWS (Shirika la Huduma kwa Wanyamapori) na Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira. Ninamwandikia anayeingia kikosini mara ya kwanza, na mifano yangu ni ya ziwa Naivasha na jirani yake, ziwa Elmenteita.

Usiogope kwamba hujui majina ya ndege wote. Jina moja likikosewa, hesabu haiharibiki sana. Inaharibika pale kila mwaka watu wanapohesabu kwa namna yao, kwa sababu hatuwezi tena kujua kama bata wamepungua au ni sisi tuliobadilika.

Hatua ya 1: Shika tarehe na kipande chako

Kufikia katikati ya Januari, bata wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wameshatulia huku kwetu. Ukihesabu tena Julai, wengi wao wamerudi kaskazini, na unaobaki nao ni wenyeji. Kwa hiyo hesabu hizo mbili zisichanganywe.

Ziwa hugawanywa vipande, na kila kikundi hupewa chake. Andika mpaka wa kipande chako kwa alama za GPS. Pale Naivasha maji yamepanda hadi migunga mingi imekufa ikiwa imesimama majini; ukitegemea mti au uzio wa shamba, mwakani unaweza kukuta alama yako imezama.

Hatua ya 2: Vifaa

Darubini ya mkononi, darubini kubwa ya miguu mitatu kama kikosi kinayo, kaunta ya kubonyeza, daftari na penseli. Wino ukilowa unasambaa. Penseli haina shida hiyo.

Hatua ya 3: Ingia mapema, jua likiwa mgongoni

Anza kunapopambazuka. Baadaye upepo huamka, na bata akiwa nyuma ya wimbi humwoni. Ukitazama jua, kila bata ni mweusi, hivyo panga njia yako ili mwanga utoke nyuma yako.

Kwenye boti, nahodha ndiye mwenye neno la mwisho. Anajua viboko wanapolala kandokando ya mafunjo. Akisema hapapitiki, andika kwamba sehemu hiyo haikuhesabiwa na msonge mbele.

Hatua ya 4: Tazama mdomo, kofia na bawa

Kwanza ondoa wasio bata. Kukuziwa, yule mweusi mwenye paji jeupe na vinundu viwili vyekundu, huogelea katikati yao na kuwachanganya wengi.

Sasa tazama kichwa. Bata nitawataja kwa majina yao ya kisayansi. Mdomo wa njano kama ndizi mbivu ni Anas undulata. Mdomo mwekundu, kofia nyeusi na shavu jeupe ni Anas erythrorhyncha. Akiruka, nyuma ya bawa huonekana rangi ya maziwa. Mdomo wa waridi, kichwa cha kijivu kisicho na kofia, ni Anas capensis. Huyu utamkuta zaidi kwenye maji ya magadi kama Elmenteita. Juu ya macho ana tezi zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu na kuitoa puani, ndiyo maana anaishi pale ambapo wengine wangeshindwa. Mdogo mwenye kofia nyeusi na mdomo wa buluu ni Spatula hottentota.

Kati ya wahamiaji, mwenye mdomo mpana wa sepetu hakupi taabu. Mgumu ni Spatula querquedula. Mwezi huu madume wengi bado hawajavaa manyoya yao ya kupendeza, wanafanana na majike. Tafuta mistari usoni na mdomo wa kijivu. Ukishindwa, andika "bata asiyetambuliwa". Hilo ni jibu halali kabisa, na linafaa kuliko kubahatisha.

Hatua ya 5: Hesabu kwa mafungu

Kundi la bata ishirini, hesabu mmoja mmoja. Kundi kubwa, hesabu kumi wa kwanza, tazama wanachukua nafasi gani kwenye darubini, kisha sogeza nafasi hiyo hadi mwisho wa kundi: kumi, ishirini, thelathini. Kwa mamia, tumia fungu la hamsini au mia. Katikati ya kundi bata hubanana, pembeni hutawanyika, kwa hiyo nafasi ya fungu lako ipungue ukifika katikati. Macho yetu hupunguza makundi makubwa. Rudia kutoka upande wa pili, na mwenzako ahesabu peke yake kabla hujamtajia namba yako.

Hatua ya 6: Wazamiaji na wasioweza kuruka

Oxyura maccoa, yule mwenye mkia mgumu, huzama mara kwa mara. Subiri, hesabu mara kadhaa, chukua namba ya juu. Spishi hii imo kati ya zilizo hatarini kutoweka kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwa hiyo kila mmoja ana uzito.

Bata bukini wa Misri hudondosha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, na kwa wiki kadhaa hawezi kuruka. Ukiona kundi linakimbilia maji badala ya kupaa, zima injini na ukae mbali. Kuwafukuza ni kuwamalizia nguvu wanayoihitaji kuotesha manyoya ya mabawa.

Hatua ya 7: Jaza fomu siku hiyohiyo

Andika saa, hali ya hewa, kimo cha maji na gugumaji limefunika wapi. Kipande kisicho na bata kinaandikwa sifuri, hakiachwi wazi. Namba hizi zina kazi: chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, eneo linalohifadhi mara kwa mara asilimia 1 ya idadi ya spishi moja, au ndege wa majini 20,000, linastahili kutambuliwa kimataifa. Hoja hiyo haisimami bila fomu za miaka mingi.

Ukikuta bata kadhaa wamekufa pamoja, usiwaguse wala usikubali mtu awabebe kwenda kupika. Huenda ni homa ya ndege, au ni sumu. Kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ndege wa majini walitegewa kabofurani, sumu ya kuua wadudu, ili wauzwe kama nyama. Piga picha, chukua alama ya GPS, na upige simu ofisi ya mifugo na KWS kabla hujaondoka pale.