Jinsi ya Kujumlisha Vekta za Uhamisho Hatua kwa Hatua

Uhamisho ni badiliko la mahali linalopimwa kwa mstari ulionyooka kutoka mwanzo wa mwendo hadi mwisho wake, pamoja na mwelekeo wa mstari huo. Kipimo cha namna hii, chenye ukubwa na mwelekeo, huitwa vekta. Kwa kuwa mwelekeo ni sehemu ya kipimo chenyewe, uhamisho wa mita 40 na wa mita 50 unaweza kutoa jumla ya mita 90, mita 10, au kiasi chochote kilicho kati ya hivyo viwili. Tutafuata mfano mmoja hadi mwisho: mtu aliye kwenye uwanja tambarare anatembea mita 40 katika mwelekeo wa nyuzi 60 kutoka mashariki kuelekea kaskazini, kisha mita 50 magharibi, kisha mita 20 kusini.

Hatua ya kwanza ni mchoro. Chora mhimili wa x ukielekea mashariki na wa y ukielekea kaskazini, kisha uchague skeli; sentimita 1 kwa mita 5 inatosha, na mishale yetu itakuwa na urefu wa sentimita 8, 10 na 4. Kila mshale uanzie kwenye ncha ya uliotangulia, na jumla ni mshale unaotoka mkiani mwa wa kwanza hadi kwenye ncha ya mwisho. Wanafunzi wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ya kitoto, lakini mimi siiruki, kwa sababu mchoro huo ndio utakaoisahihisha kalkuleta baadaye.

Hatua ya pili ni kuigawa kila vekta katika vijenzi viwili, kimoja kwenye x na kingine kwenye y. Kwa vekta ya kwanza, kijenzi cha x ni 40 × kos 60° = 20.0, na cha y ni 40 × sin 60° = 34.64. Hapa pana mtego: kosini hutoa kijenzi kilicho upande wa mhimili ambao pembe imepimwa kutoka kwake, wala si lazima kiwe cha x. Mwelekeo uleule ungeweza kuelezwa kuwa nyuzi 30 kutoka kaskazini kuelekea mashariki, na hapo kosini ya 30° ingetoa kijenzi cha y. Aidha, kalkuleta ikikupa kosini ya 60 yenye alama ya kutoa, ujue imewekwa katika radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya nyuzi. Vekta mbili zilizobaki ni rahisi: ya pili ina −50 na 0, ya tatu ina 0 na −20. Alama za kutoa zinabeba mwelekeo, hivyo zisiachwe.

Hatua ya tatu, jumlisha x na x, y na y: 20.0 − 50 + 0 = −30.0, na 34.64 + 0 − 20 = 14.64.

Hatua ya nne, tafuta ukubwa kwa kanuni ya Pythagoras. Kipeuo cha pili cha (30.0² + 14.64²) ni takriban 33.4, kwa hiyo uhamisho ni mita 33.4, ingawa umbali uliotembewa ni mita 110.

Hatua ya tano, ambayo ndiyo inayoharibu majibu mengi yaliyoanza vizuri, ni mwelekeo. Ukiingiza 14.64 ÷ (−30.0) na kutafuta pembe ya tanjenti hiyo, kalkuleta itakujibu −26.0°, yaani kusini ya mashariki, ilhali x yetu ni hasi na y ni chanya, kwa hiyo mshale lazima uelekee upande wa kaskazini-magharibi. Kalkuleta haina kosa, kwani ilipewa uwiano tu, na uwiano huo ni uleule kwa mielekeo miwili inayopingana. Kila x inapokuwa hasi, ongeza 180°: −26.0° + 180° = 154.0° kutoka mashariki, sawa na nyuzi 26.0 kutoka magharibi kuelekea kaskazini.

Sasa rudi kwenye mchoro na upime mshale wa jumla kwa rula na protrakta. Unapaswa kuwa na urefu wa karibu sentimita 6.7, na pembe ya karibu nyuzi 26 juu ya mstari wa magharibi. Ukitaka uhakika zaidi, uchore upya kwa kuanza na mita 20 za kusini. Njia itabadilika umbo, lakini ncha ya mwisho itaangukia palepale.