Kabla hujafungua biashara nyumbani, uliza kiwanja chako kimepangiwa nini

Hapa Uganda, barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ichukue. TIN, namba ya mlipakodi kutoka URA, mamlaka ya mapato, ni bure, usimlipe kijana wa kafe ya intaneti akikwambia vingine. Kama umepanga, mwenye nyumba akubalie kwa maandishi. Maneno ya simu hayana shahidi. Kama ardhi ni ya lizi, soma kwenye hati umeruhusiwa kuitumia kwa kazi gani.

Sasa mpango wa ardhi. Tangu sheria ya mipango ya mwaka 2010, Uganda nzima ni eneo la mipango, hata huko kwenye migomba, si Kampala peke yake. Leseni ya biashara haigeuzi kiwanja cha makazi kuwa cha biashara. Mimi nilidhani inageuza.

Nilimwaga zege nyuma ya jiko, nikazika bolti nne, nikafunga kinu cha kusaga mahindi. Leseni niliitundika ukutani kwenye fremu. Jirani yangu, mama mpole, alianua nguo zina vumbi la unga mara mbili, akanyamaza. Mara ya tatu akaenda manispaa. Ofisa alikuja na kopo la rangi nyekundu. Nikamshushia fremu. Akaisoma yote, akaipangusa unga, akanirudishia: "Hii ni ya ofisi ya biashara, mzee. Ya mipango iko wapi?" Nikabaki nashika fremu huku akichora X ukutani. Kinu nilikiuza kwa hasara. Bolti tulizikata kwa grainda, na visiki vyake mpaka leo vinakwaza watoto.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa fundi hata shilingi, nenda kwa ofisa mipango ukiwa na namba ya kiwanja. Kampala ni KCCA, mamlaka ya jiji, kwingine ni jiji, manispaa, baraza la mji au wilaya yako. Akisema ni makazi, omba kubadili matumizi, na usimwage zege mpaka kibali kitoke. Cherehani moja sebuleni ni nadra kumuudhi mtu. Kinu, kuchomelea vyuma na baa ndivyo vinavyoleta kopo la rangi.

Kodi ya majengo nayo: nyumba unayoishi mwenyewe imesamehewa, lakini ukiigeuza duka usitegemee msamaha huo. Bei ya umeme wa biashara si ile ya nyumbani, ulizia mapema. Maji machafu yasimwagikie kwa jirani. Wateja wa usiku wawe na mwisho wao. Ndoo ya mchanga iwe karibu na mashine, na watoto wasipite kwenye mkanda wake.